Nguo ya Gome na Kabati la Kioo: Historia ya Kuonyeshwa kwa Lubugo ya Buganda

Lubugo ni nguo inayotengenezwa kwa gome la ndani la mutuba, mti wa jamii moja na mkuyu ambao wataalamu wa mimea huuita Ficus natalensis, na kwa karne kadhaa ndiyo iliyowavika watu wa Buganda, ufalme uliokaa kaskazini na magharibi ya Ziwa Viktoria katika nchi ambayo leo ni Uganda. Nguo hii haisokotwi wala haifumwi, bali hupondwa mpaka gome gumu likawa laini, na kwa sababu hiyo huhesabiwa miongoni mwa sanaa za mavazi zilizotangulia kitanda cha mfumi. Mwaka 2005 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, yaani UNESCO, liliitangaza sanaa hiyo kuwa miongoni mwa tunu za urithi usioshikika, na mwaka 2008 ikaingizwa katika Orodha Wakilishi ya urithi huo, ambao maana yake ni maarifa, mila na ustadi unaokaa ndani ya watu, tofauti na majengo na vyombo vinavyoweza kuguswa. Wakati tangazo hilo linatolewa, lubugo ilikuwa imekwisha kukusanywa, kuandikiwa lebo na kuwekwa makumbushoni kwa takriban karne nzima. Historia ya maonyesho hayo inaonyesha kwamba kuhifadhi nguo na kuhifadhi sanaa ya kuitengeneza ni kazi mbili, na kwamba ya kwanza inaweza kufanywa kwa uangalifu mkubwa huku ya pili ikisahauliwa kabisa.

Ili kuelewa kinachopotea nguo hii inapotundikwa peke yake ukutani, hapana budi kuifuata tangu shambani. Mutuba huoteshwa kwa kuchomeka ardhini tawi nene lililokatwa, nalo huchipua na kukua katikati ya migomba na mibuni, likitoa kivuli, likishika mpaka wa shamba na kuwa boma hai. Gome huambuliwa wakati wa mvua, kipindi ambacho utomvu umejaa na gome huachana na mti bila kuraruka. Fundi hukwangua kwanza ganda la juu, kisha hukata duara chini na duara juu ya shina, hupasua mstari mmoja kutoka juu hadi chini, na hulibandua gome taratibu kwa kipande cha mgomba kilichochongwa, kwa kuwa chuma kingeweza kuujeruhi mti. Shina lililobaki wazi huvikwa majani ya migomba ili lisikaushwe na jua, na baada ya muda huota gome jipya, hata mti mmoja ukaweza kuvunwa mwaka baada ya mwaka kwa miongo kadhaa. Gome la mavuno ya kwanza huwa gumu na la hali ya chini, na yanayofuata ndiyo hutoa nguo nzuri, jambo linalomaanisha kwamba lubugo bora ni tunda la mti uliotunzwa kwa miaka mingi, na aghalabu la mti uliopandwa na mtu wa kizazi kilichopita.

Gome likishalainishwa kwa moto au mvuke, kazi huhamia katika kibanda kisicho na kuta, ambacho kivuli chake hulizuia lisikauke upesi, na humo hulazwa juu ya gogo refu lililosawazishwa na kupondwa kwa nyundo za mti zenye mifereji iliyochongwa kuzunguka kichwa chake. Nyundo hizo hutumiwa kwa zamu: ile yenye mifereji mipana huvunja nyuzi na kulitawanya gome, ya pili hulinyoosha, na ile yenye mifereji myembamba humalizia kwa kuipa nguo ulaini wake, mpaka upana wa gome ukawa umeongezeka mara kadhaa. Mahali palipotoboka hukatwa kwa umbo la kupendeza na kuzibwa kwa kiraka cha lubugo kilichoshonwa kwa nyuzi za mmea, kisha nguo huanikwa juani, ambako weupe wa gome bichi hugeuka rangi ya udongo uliochomwa. Kiraka hicho ni mfano mzuri wa jinsi kitu kinavyoweza kusomwa vibaya makumbushoni, kwa maana mtazamaji asiyeelezwa hukidhania kuwa dalili ya uchakavu, ilhali fundi hukihesabu kuwa sehemu ya ufundi wake, na mnunuzi mjuzi hukitazama ili kupima mkono uliokishona.

Kazi hii haikuwa ya mafundi tu, bali ilikuwa nguzo mojawapo ya dola. Mafundi wa kasri walitoka katika ukoo wa Ngonge, yaani ukoo wa fisi maji, chini ya kiongozi wa kurithi aitwaye kaboggoza, na simulizi za Buganda humtaja Kabaka Ssemakookiro, mfalme aliyetawala mwishoni mwa karne ya 18, kuwa ndiye aliyewaamuru raia wake wote wapande mutuba na kuponda lubugo. Nguo hizo zilitolewa kama kodi kwa mfalme, zilibadilishwa kwa bidhaa za nchi jirani, zilitumika kuwa matandiko na mapazia, na ziliwatofautisha watu kwa vyeo, kwani raia walivaa ile ya rangi ya udongo na wafalme na machifu wakavaa zilizotiwa rangi nyeupe au nyeusi. Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika katika kasri la Kabaka Muteesa I mwaka 1862, alizisifu nguo za watu wa kasri na kuzifananisha na kodrai iliyopigwa wanga, na bila shaka mistari aliyoiona ilikuwa alama ya mifereji ya nyundo.

Speke hakuwa mgeni wa kwanza kuja na nguo nyingine mwilini. Tangu miaka ya 1840, katika utawala wa Kabaka Suna II, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka Unguja na mrima walikuwa wamekwisha kufika Buganda kwa njia ya Unyanyembe na Karagwe, wakiwa na merikani, ile bafta isiyotiwa rangi iliyofumwa katika viwanda vya Marekani na kuletwa Unguja na merikebu za mji wa Salem, pamoja na kaniki na vitambaa vya India. Mwanzoni nguo hizo zilikuwa zawadi za kifalme, na mfalme ndiye aliyeamua nani azivae. Kanzu iliyotoka pwani ikawa vazi la heshima la wanaume wa Buganda, na hata leo ndiyo huvaliwa arusini na katika baraza za ukoo. Wamisionari wa Kiprotestanti waliofika mwaka 1877 na wale wa Kikatoliki waliofika mwaka 1879 waliongeza sababu nyingine ya kuiacha lubugo, kwa kuwa wengi wao waliihusisha na mizimu na uganga. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, na mbegu za pamba zilipoanza kugawiwa wakulima miaka michache baadaye, mkulima alijikuta akiuza pamba ghafi na kununua kitambaa kilichofumwa ng'ambo, na nyundo zikaanza kunyamaza katika vijiji ambavyo hapo awali karibu kila kimoja kilikuwa na kibanda chake.

Lubugo haikufa, kwa sababu ilibaki na kazi ambayo bafta haikuweza kuifanya. Wafu waliendelea kuviringishwa ndani yake, na katika hafla ya kumaliza matanga, ambayo Waganda huiita okwabya olumbe, mrithi wa marehemu aliendelea kuvikwa lubugo mbele ya ukoo ili itambulike kwamba ameshika nafasi ya aliyekufa. Katika kutawazwa kwa Kabaka nguo hiyo haikuweza kukosekana. Kwa hiyo fundi aliyepoteza soko la mavazi ya kila siku alibakiwa na soko la msiba na la mila, ambalo ni dogo lakini halina msimu, na ndilo lililomlisha katika kipindi chote ambacho makumbusho yalikuwa yakijengwa.

Ukusanyaji ulianza wakati huohuo wa kuporomoka. Mmisionari John Roscoe, akisaidiwa na Katikkiro Apolo Kagwa, yaani waziri mkuu wa Buganda, aliyechapisha mwenyewe kitabu cha mila za Waganda mwaka 1905, alikusanya habari na vitu vingi na kuvipeleka katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akatoa kitabu chake kuhusu Waganda mwaka 1911. Nchini Uganda kwenyewe serikali ya kikoloni ilianzisha jumba la makumbusho mwaka 1908 katika ngome ya Mwingereza Lugard juu ya kilima cha Kampala ya Kale, na kwa kuwa lilijaa vifaa vya ibada na uganga vilivyochukuliwa kwa watu, wenyeji waliliita nyumba ya mayembe, yaani nyumba ya pembe za uganga. Jina hilo ni hukumu ya watazamaji wa kwanza juu ya namna ya kukusanya: vitu vilikuwa vimeondolewa katika shughuli zake na kwa wenyewe, na jumba lililovipokea likaogopwa badala ya kutembelewa. Mnamo miaka ya 1940 mkusanyo ulihamia Chuo cha Makerere chini ya Margaret Trowell, mwanzilishi wa shule ya sanaa ya chuo hicho, ambaye pamoja na Klaus Wachsmann aliandika kitabu cha mwaka 1953 kilichoeleza kwa michoro ufundi wa makabila ya Uganda. Mwaka 1954 makumbusho yalipata jengo lake la sasa huko Kitante, lililosanifiwa na msanifu Mjerumani Ernst May.

Mwaka huo wa 1954 unastahili kutazamwa kwa makini. Novemba 1953 Gavana Andrew Cohen alikuwa amemfukuza Kabaka Edward Muteesa II na kumpeleka uhamishoni Uingereza, ambako alikaa hadi Oktoba 1955, na katika muda huo Waganda wengi waliivaa lubugo hadharani kama vazi la maombolezo na la upinzani. Nguo ambayo wataalamu waliiweka katika fungu la ufundi wa kale ilikuwa barabarani ikifanya kazi ya siasa, na waliohitaji kuivaa walilazimika kuipata kwa fundi aliye hai. Kabati la kioo lilieleza ilivyovaliwa zamani, lakini kwa kuwa lilikuwa limezoea kusema kwamba mambo hayo yamepita, halikuwa na nafasi ya kueleza kwa nini inavaliwa leo.

Ajabu ni kwamba jumba hilohilo lilikuwa na mfano bora wa kufuata. Wachsmann, aliyekuwa mhifadhi wake na mtaalamu wa muziki, alishikilia kwamba ala za muziki hazielezeki zikiwa kimya, na makumbusho yakawaajiri wanamuziki, akiwemo bingwa Evaristo Muyinda, ili wazipige mbele ya wageni na kuwafundisha wengine. Ngoma, zeze na marimba zikapata wenyewe ndani ya jumba, ilhali lubugo, ambayo kupondwa kwake kuna mapigo yanayosikika mbali, haikupata fundi wa kudumu wa namna hiyo. Tofauti hiyo haikutokana na uhaba wa maarifa. Ilitokana na desturi ya wakati ule ya kuiona sauti kuwa tukio na nguo kuwa kitu, na kudhani kwamba kitu kikishawekwa salama kimekwisha kusema yote.

Mfano wa pili ulikuwa nje kabisa ya majumba ya makumbusho, katika kilima cha Kasubi. Muteesa I alijenga kasri hapo mwaka 1882, akazikwa humo mwaka 1884, na wafalme watatu wa baadaye, Mwanga II, Daudi Chwa II na Edward Muteesa II, wakazikwa hapohapo. Jumba kuu la msonge liitwalo Muzibu Azaala Mpanga, lenye kipenyo cha takriban mita 31, lina mapete 52 ya matete darini kwa idadi ya koo za Buganda, na pazia la lubugo hukitenga chumba cha ndani, kiitwacho kibira, yaani msitu, ambako huaminiwa kuwa ndiko zinakokaa roho za wafalme. Mgeni huvua viatu, hukaa juu ya mkeka na huliona pazia hilo likiwa mahali pake, likificha kinachopaswa kufichwa, na anaelewa bila lebo kwamba nguo hii ni mpaka kati ya walio hai na waliotangulia. UNESCO iliyaandikisha makaburi hayo kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza jumba hilo na vilivyokuwa ndani yake. Msiba huo ulithibitisha kwa uchungu kanuni ambayo wasanifu wa maonyesho hawana budi kuizingatia. Picha, vipimo na maandishi yaliyokuwa yamehifadhiwa yalisaidia kujua jumba lilikuwaje, lakini hayakutosha kulisimamisha tena. Walihitajika waezekaji wa ukoo wa Ngeye, yaani ukoo wa mbega, ambao kazi hiyo ni haki yao ya kurithi, walihitajika wasokotaji wa mapete, na walihitajika mafundi wenye miti ya mutuba ya kuambua. Ujenzi ulichukua zaidi ya muongo mmoja, sehemu yake ikatumika kuwafundisha vijana ustadi uliokuwa umepungua, na Septemba 2023 Kasubi ikaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini ambamo ilikuwa imeingizwa mwaka 2010. Kilichoungua kilirudi kwa kadiri ambayo ustadi wake ulikuwa bado mikononi mwa watu.

Ustadi huo ulikuwa umepitia majaribu makubwa kabla ya moto. Kasri la Kabaka huko Mengo lilishambuliwa mwaka 1966, falme zikafutwa kwa katiba ya mwaka 1967, na kwa zaidi ya robo karne lubugo ya kifalme ilikosa mfalme wa kuivaa. Tawala za kimila ziliporejeshwa mwaka 1993 na Ronald Muwenda Mutebi II akatawazwa huko Naggalabi, mafundi walipata tena agizo la juu kabisa katika kazi yao. Wasanii na wabunifu wa mavazi nao wameipa nguo hiyo soko jipya kwa kuitumia katika michoro, mikoba na magauni, ingawa soko hilo lina mashaka yake, kwa kuwa Waganda wengi bado huihusisha nguo hiyo na kaburi na husita kuiweka nyumbani.

Kutokana na historia hii yanatokea mambo kadhaa kuhusu namna ya kupanga maonyesho. La kwanza ni la uhifadhi wenyewe, ambalo haliwezi kupuuzwa: lubugo hunyonya unyevu, huliwa na wadudu, hufifia kwa mwanga na hukatika kwenye mikunjo inapozeeka, kwa hiyo vipande vya kale hufaa kuviringishwa kwenye bomba pana badala ya kukunjwa, kuangazwa kwa mwanga hafifu usiozidi luksi 50, ambacho ndicho kiwango kinachozoeleka kwa nguo dhaifu, na kupumzishwa ghalani baada ya muda wa maonyesho. Masharti hayo humzuia mgeni asiguse, na ndiyo sababu kando ya kipande cha kale panahitajika kipande kipya kilichonunuliwa kwa fundi, ambacho mgeni atakishika, atakinusa na kukisikia uzito wake, na ambacho kikichakaa kitaagizwa kingine.

La pili ni kuonyesha mlolongo mzima. Nyundo tatu zikipangwa pamoja na sampuli ya gome katika kila hatua, kuanzia gome bichi hadi nguo iliyoanikwa, humfanya mtazamaji aone kwa macho yake kile ambacho maelezo marefu hushindwa kukieleza. Mutuba uliopandwa uani pa makumbusho ungeonyesha jambo ambalo kabati haliwezi kulibeba, kwamba nguo huvunwa bila kuua mti, na kwamba shamba linapogawanywa viwanja na miti kung'olewa, sanaa hukatwa mizizi hata kama mafundi wapo. Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960 na chenye nyumba za jamii mbalimbali za Tanzania zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi, kilionyesha mapema kwamba makumbusho ya Afrika Mashariki yanaweza kuwa uwanja badala ya ukumbi; nacho kina sababu ya kuhusika na habari hii, kwani Wahaya wa Kagera nao walivaa nguo za magome kabla ya bafta kuwafikia.

La tatu ni mamlaka ya kueleza. Lebo za zamani zilitaja kabila na jina la aliyekusanya, mara chache zikamtaja aliyetengeneza, na kwa namna hiyo fundi alifutwa katika kazi yake mwenyewe. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilirudisha Kampala vitu 39 vilivyochukuliwa Uganda enzi za ukoloni, kwa mkopo wa miaka mitatu unaoweza kuongezwa, na hatua hiyo, hata kama ni mkopo wa mali kwa wenye mali, imefungua nafasi ya kuuliza koo na mafundi vitu hivyo viliitwaje, vilitumiwa na nani na ni vipi visivyopaswa kuonekana hadharani. Pazia la Kasubi linafundisha kwamba kuficha nako ni sehemu ya maonyesho.

Hukumu ya historia hii ni kwamba lubugo imefika karne ya 21 kwa sababu kulikuwa na wafu wa kuvikwa, warithi wa kusimikwa na wafalme wa kutawazwa, na makumbusho yalichangia pale tu yalipoiheshimu minyororo hiyo ya wajibu. Makumbusho ya Afrika Mashariki yanayokusudia kuihifadhi sanaa hii, au nyingine yoyote ya mavazi, yanapaswa kutenga katika bajeti ya kila mwaka fungu la kumwagizia fundi kazi mpya, kumlipa anapofundisha mbele ya wageni, na kuandika jina lake kwenye lebo kabla ya jina la mkusanyaji.